Miezi minne na kisanduku cha Morse: kii, kompyuta na redio, nikiwa Tanga

Kabla sijakisifu kisanduku hiki, kinachokaa kati ya kompyuta na redio na kupiga Morse, niseme kwanza kilichonisukuma kukitafuta. Nilikuwa na kebo ya shilingi 18,000, upande mmoja USB, upande wa pili pini ya milimita 3.5. Niliagiza mtandaoni, ikaletwa na basi. Muuzaji aliandika kwamba inaunganisha kompyuta na redio yoyote, nawe unaandika maneno tu, kompyuta inakupigia Morse, yaani herufi kwa milio mifupi (nukta) na mirefu (mistari).

Nakaa Ngamiani. Antena yangu ni waya wa mita 20 hivi, kutoka mwembe wetu hadi mnazi wa jirani, kwa ajili ya megahezi 7. Leseni ya redio ya ridhaa ninayo, na namba yangu ya wito inaanza na 5H kama za Watanzania wengine. Tangu mwaka 2003 kanuni za kimataifa hazilazimishi mtu kujua Morse ili apate leseni ya mawimbi mafupi. Mimi nimejifunza kwa mapenzi, kwa sababu wati chache za Morse zinafika mahali ambapo sauti ya mtu haifiki.

Basi, siku ya kwanza nachomeka pini, redio ikaanza kupiga mistari, mstari baada ya mstari, haikomi. Nikadhani nimeiua. Kumbe tundu la kii, yaani swichi ya kupigia Morse kwa mkono, nyuma ya redio lina sehemu tatu: ncha ni ya nukta, pete ya kati ni ya mistari, shina ni la ardhi. Pini ya kebo yangu ilikuwa na sehemu mbili tu, kwa hiyo shina lake refu likaiunganisha pete na ardhi. Redio nayo ilikuwa imewekwa kwenye padeli, ile kii yenye majani mawili, ikaamini kuna mtu amebana jani la mistari hataki kuachia. Niliingia kwenye menyu nikaibadilisha iwe kii ya kawaida, ikanyamaza. Ukikutana na tatizo hili usikimbilie kwa fundi, angalia pini kwanza.

La pili lilikuwa baya zaidi. Umeme ulikatika jioni, kompyuta ikazima. Redio haikuzima maana inatumia betri ya gari. Umeme uliporudi nikawasha kompyuta nikaenda kuchota maji. Narudi nakuta sindano ya nguvu imesimama kwenye wati 50 na mgongo wa redio haushikiki kwa moto. Kebo za aina hii zinatumia ishara ya kompyuta iitwayo DTR kama swichi ya kii, na kompyuta inapoamka inaweza kuichezea ishara hiyo kabla programu yako haijafunguliwa. Redio haijui kwamba kompyuta inaamka tu, inarusha. Tangu siku hiyo redio naiwasha mwisho, naizima kwanza.

Lakini kilichonitoa kwenye kebo ile ni mzee wangu wa jirani. Alikuwa mpiga simu za maandishi reli, zamani za Morse kwenye stesheni. Alikuja kubarizi, nikamwamkia shikamoo, nikaiacha kompyuta ipige CQ, ule wito wa kumwita yeyote anayesikia, naye asikie. Akainamisha kichwa, akasikiliza kidogo.

“Mwanangu, huyu anayepiga ana kigugumizi.”

Alikuwa na haki. Kwa mwendo wa maneno 20 kwa dakika nukta moja ni milisekunde 60, mstari ni 180. Kompyuta ina shughuli zake, mara inasasisha programu, mara inasoma diski, ikichelewa milisekunde 30 tu nukta imekuwa nukta na nusu. Mimi sikuwa nimeisikia kasoro hiyo, na niliona aibu kwa watu wote niliowapigia kabla.

Ndipo nikaagiza kisanduku chenye chipu ya Winkeyer. Pamoja na usafirishaji kilinigharimu laki mbili na kidogo, na sijuti hata shilingi. Kompyuta sasa kazi yake ni kutuma herufi tu, kwa mwendo wa pole wa biti 1200 kwa sekunde. Kisanduku kinazipanga foleni na kukata nukta na mistari kwa saa yake chenyewe. Kompyuta ikisinzia, foleni inaendelea. Kuna kirungu cha kuzungusha mwendo kwa mkono, na padeli yangu inachomekwa hapo hapo. Ninachokipenda kuliko vyote: kompyuta ikiwa katikati ya kupiga, nikigusa padeli tu inakatwa, mkono wangu unashika. Mtu akiniita wakati CQ inaendelea simtafutii kitufe.

Kasoro zipo. Kwenye megahezi 14, nikipandisha nguvu, kipanya kilikuwa kinaganda na USB inakatika, kwa sababu mawimbi ya antena yanaingia kupitia waya. Nilizungusha kebo ya USB mara saba kwenye pete ya feraiti, ile ya kuzuia mawimbi yasipite kwenye waya, na kati ya kisanduku na redio nikaweka optokapla, kijidude kinachopitisha ishara kwa mwanga bila waya wa upande mmoja kugusana na wa upande wa pili. Nililehemu mwenyewe. Utulivu ukarudi. Kwa bei ile optokapla ingekuwemo tangu kiwandani. Na mwenye redio ya zamani ya valvu asichomeke bila kupima: kwenye nyingine tundu la kii lina volti nyingi za hasi, zinaunguza transista ya kisanduku.

Halafu kuna chumvi ya bahari yetu. Baada ya miezi miwili padeli ilianza kuruka nukta, nikakilaumu kisanduku bure. Nilipomulika tochi niliona ukungu wa kijani kwenye vichwa vya mguso. Napitisha kipande cha karatasi nyeupe safi kati yake, nabana jani taratibu, navuta. Kinatoka na mstari mweusi mwembamba. Nafanya hivyo kila Jumapili.

Mzee alirudi wiki iliyopita. Nilifunga kurusha, kwa kuwa leseni ni yangu peke yangu, nikamwachia asikie sauti ya ndani tu. Padeli hakuitaka, alisema haina uzito. Nikachomoa pini ya kisanduku, nikachomeka kii ya kugonga moja kwa moja nyuma ya redio, akaweka vidole vitatu juu ya kifundo. Mstari. Nukta, mstari. Mstari, nukta. Mistari miwili na nukta. Nukta, mstari. Aliandika TANGA, polepole, hakukosea.