Namba 61016: huduma ya polisi wa reli Uingereza inayomtegemea abiria

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ya kutuma ujumbe mfupi wa simu kwenda namba 61016, inayoendeshwa na British Transport Police, jeshi la polisi linalolinda reli za England, Wales na Scotland pamoja na treni za chini ya ardhi za London. Ilianza mwaka 2013, na tangu mwishoni mwa mwaka 2016 vipaza sauti vya stesheni na vya ndani ya treni vimekuwa vikiitangaza mchana na usiku, vikimhimiza abiria aseme pindi aonapo jambo lisilo la kawaida. Wengi wetu Waswahili tunaoishi huku hurudi nyumbani kwa treni za usiku baada ya zamu za hospitalini na katika nyumba za kutunzia wazee, na ninaamini tunaihitaji huduma hii kuliko tunavyoitumia.

Aliyekulia Tanzania penye balozi wa nyumba kumi, au Kenya chini ya mpango wa Nyumba Kumi, anajua kwamba ulinzi shirikishi husimama juu ya kujuana: mgeni akiingia mtaani, kabla hajafika mbali watu wameshaulizana ni wa nani na anafuata nini. Ndani ya behewa hakuna ujirani wa namna hiyo, kwa kuwa abiria hawajuani, hubadilika kila stesheni, na kila mmoja ameinamia simu yake. Uzuri wa 61016, kwa maoni yangu, ni kwamba haimdai abiria amjue mwenzake wala asimame kumkabili mtu asiyemjua nguvu zake. Inamtaka atumie simu ile ile aliyoiinamia.

Nimewahi kuitumia katika treni ya usiku iliyokuwa ikitoka London, pale mwanamume mmoja alipokuwa akimfuata msichana kila alipohama kiti, huku akimsemesha ingawa alishakataa kujibu. Niliandika mistari miwili, nikaeleza mavazi ya yule mwanamume na mahali treni ilikokuwa ikielekea. Majibu yalikuja kabla hatujafika stesheni iliyofuata, yakiniuliza namba ya behewa na kama kuna mtu aliyeumia, na mbele kidogo askari wawili walipanda wakaenda moja kwa moja hadi kwenye viti vile. Hakuna aliyejua ni nani aliyetoa taarifa, nami sikuulizwa lolote mbele ya watu. Kwa mwanamke anayesafiri peke yake, siri hiyo ni jambo kubwa sana.

Taarifa yenye manufaa hueleza mahali, wakati, muonekano wa mtu na kinachotendeka. Namba ya behewa kwa kawaida imebandikwa ndani karibu na mlango, kwa hiyo ni vyema kuitazama mara tu unapoketi, maana ukishashikwa na hofu hutaiona hata ikiwa mbele ya macho. Kiingereza kifupi kinatosha. Hakuna anayekagua sarufi. Palipo na hatari ya maisha, hata hivyo, namba ya kupiga ni 999, na hilo halina mjadala.

Pamoja na ujumbe, tangu mwaka 2022 ipo programu ya simu iitwayo Railway Guardian, ambayo humwezesha mtu kutoa taarifa na pia kuwaruhusu ndugu zake kufuatilia safari yake. Ipo vilevile kampeni ya Small Talk Saves Lives, iliyoanzishwa mwaka 2017 na polisi hao, Network Rail (wanaosimamia miundombinu ya reli) na Samaritans, shirika la hisani linalowasikiliza watu waliokata tamaa, inayomwomba abiria amsemeshe kwa upole mtu anayeonekana kuelemewa na huzuni stesheni. Katika yote niliyoyaona kwenye reli za huku, hilo ndilo lililonigusa zaidi, kwa sababu linatambua kwamba kumjulia hali mtu usiyemjua ni sehemu ya ulinzi, jambo ambalo kwetu halikuhitaji kampeni.

Kasoro zipo, na mbili ni nzito. Ujumbe hauendi pasipo na mtandao, na ingawa baadhi ya njia za chini ya ardhi za London zimeshaunganishwa, nyingine bado, kwa hiyo abiria hulazimika kungoja hadi stesheni, wakati mhalifu naye anateremka. Ya pili inahusu wizi. Mwaka 2025 ilifahamika kwamba polisi hawa walikuwa hawachunguzi wizi wa baiskeli iliyoachwa stesheni kwa zaidi ya saa mbili, kwa maelezo kwamba kupitia picha za kamera za muda mrefu hivyo kungewaondoa askari kwenye makosa mazito zaidi. Sababu hiyo naielewa, lakini mfanyakazi anayeacha baiskeli asubuhi na kuirudia jioni ndiye hasa anayeombwa kila siku awe macho na mdomo wa polisi, na si haki kumwomba msaada mtu ambaye taarifa yake mwenyewe itaishia kuandikwa tu.

Kwa usumbufu, vitisho, matusi ya ubaguzi na unyanyasaji wa kijinsia, naipendekeza huduma hii bila kusita. Ihifadhi namba hiyo kwenye simu yako leo, umwekee na mama au shangazi asiyezoea mambo ya simu, na kama kuandika kunamtatiza, awapigie polisi hao hao kwa 0800 40 50 40.