Programu ya kuunga picha pana: nilivyokwamishwa kwenye asilimia 98 na mandhari ya Lamu

“Bahari haiungiki, mzee. Kapige picha za majengo.” Ndivyo alivyonijibu kijana wa wakala aliyeniuzia programu ya kuunga picha nyingi ziwe moja pana, bila hata kuinua macho kwenye simu yake, baada ya mimi kutoka Lamu kwa boti hadi Mokowe na kupakata kompyuta ndani ya basi kutwa nzima mpaka Mombasa. Naandika maoni haya kwa sababu ya maneno hayo zaidi ya hitilafu yenyewe. Chombo chochote huharibika, lakini mteja aliyelipia leseni ya mwaka mzima hastahili kuondoshwa dukani kwa neno ambalo halikuwa hata la kweli.

Nilikuwa nataka picha moja ya mji wa kale wa Lamu, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, unavyoonekana kutoka ng'ambo, kisiwani Manda. Niliitaka iwe na undani kiasi kwamba mtu akiikuza aone nakshi za mlango na kamba za mashua zilizofungwa gatini, kwa kuwa sura ya mbele ya mji wetu inabadilika na kila mwaka naona kitu ambacho mwaka uliopita hakikuwapo. Picha ya namna hiyo haipatikani kwa kubonyeza mara moja. Nilifunga lenzi ya milimita 200, nikaisimamisha kamera wima juu ya tripodi, nikapiga picha 42 katika safu mbili, kila moja ikipishana na jirani yake kwa karibu theluthi, huku fokasi na mwangaza nimevifunga visibadilike njiani. Ilikuwa asubuhi, mwishoni mwa kaskazi, jua likiwa mgongoni kwangu na kuta zote za mbele ya bahari zikiwa zimeangaziwa.

Nyumbani nikaipa programu kazi yake. Ilizitambua picha, ikazipanga, ikalinganisha rangi, kisha ikaanza kuhifadhi. Baada ya saa nne, mstari wa maendeleo ulipofika asilimia 98, likatokea dirisha dogo lenye maneno mawili tu: kazi imeshindikana. Haikusema imeshindikana kwa nini wala nifanye nini. Nilirudia siku ya pili, na ya tatu, kila mara nikikaa macho kwa hofu ya umeme kukatika, na kila mara ikaanguka palepale. Barua pepe nilizoandika zilijibiwa kwa ujumbe mmoja wa kunishauri niizime kompyuta na kuiwasha tena. Hapo ndipo nikafunga safari.

Dukani nilieleza yote haya kwa utaratibu. Kijana hakuniuliza faili langu lina ukubwa gani, wala hakuomba kuona zile picha 42 nilizokuwa nimebeba. Alisema kompyuta yangu ni ndogo, kwamba programu ile ni ya wataalamu, kisha akatamka hilo neno lake kuhusu bahari. Nilimwambia, “Mwanangu, nimetoka mbali,” naye akamwita mteja aliyekuwa nyuma yangu. Mwezi na zaidi umepita na bado nikikumbuka moyo unanichafuka.

Jibu nililipata mwenyewe usiku ule, katika nyumba ya wageni. Nilitazama folda ya kazi na kugundua kwamba faili lililokatika lilikuwa na ukubwa uleule kila mara: gigabaiti nne kasoro kidogo. Faili la kawaida la TIFF, aina ya faili la picha niliyokuwa nikihifadhia, huandika anwani za ndani yake kwa tarakimu za biti 32, kwa hiyo haliwezi kuvuka gigabaiti nne hata kompyuta ingekuwa kubwa kama jumba. Picha yangu ilikuwa na upana wa pikseli 58,000 na kimo cha 10,000, yaani pikseli milioni 580, na kila pikseli ilichukua baiti nane: sita za rangi tatu na mbili za tabaka la uwazi, lile linaloonyesha sehemu zipi za picha ziachwe wazi, ambalo sikuwa nalihitaji kabisa. Jumla ni gigabaiti 4.6. Nikaondoa alama kwenye kisanduku cha uwazi, zikabaki 3.5, na kabla ya adhana ya alfajiri picha ikawa imehifadhiwa nzima. Kisanduku kimoja! Sentensi moja ndani ya lile dirisha ingeniokoa na safari, nauli na fedheha.

Na je, bahari haiungiki? Ni kweli kwamba inasumbua. Nilikuwa nimeanza kupiga upande wa kaskazini nikielekea kijiji cha Shela, kusini, na mashua moja ikashuka na upepo upande huohuo, hivyo ikaingia katika picha tatu, na programu kwa uamuzi wake ikatoa chombo chenye omo ya mbele na tanga lakini hakina tezi ya nyuma. Pia wingu lilinichelewesha nusu saa kati ya safu ya juu na ya chini, wakati maji ya bamvua yanapwa kwa kasi, na katika ukuta wa gati mstari wa maji ukakatika kwa kadiri ya shibiri moja na nusu. Lakini programu hii ina brashi mbili, ya kijani kwa unachotaka kibaki na nyekundu kwa unachotaka kitoke, na hapo lazima niseme haki: sijawahi kutumia kitu kizuri kuliko brashi hizo. Nilipaka mashua kijani katika picha moja na nyekundu katika mbili nyingine, ikarudi nzima na kivuli chake majini. Nikaizuia safu ya juu isiguse maji mahali popote, na ule mkato ukutani ukatoweka. Nimeutafuta mshono kwa kukuza picha hadi mwisho na sijauona.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikuwa nimekusudia nyota moja, na nilipofika kwenye brashi nikaona ni dhuluma, nikapandisha hadi nne. Anayepiga mandhari za pwani na ana subira ya kupekua mipangilio mwenyewe, ainunue. Ila asinunue kwa wakala yule, na asitegemee msaada wa mtu yeyote. Nimefungua tena barua pepe zangu ili kuhakikisha sijawasingizia, nikakuta ule ushauri wa kuzima na kuwasha umeletwa upya leo asubuhi, neno kwa neno, kama jibu la malalamiko niliyowaandikia juu ya kijana wao. Nyota mbili.