Sarafu ya Zamani Iliyobadilika Rangi: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Umwachie Mchuuzi

Ukishika rupia nyeusi, ile sarafu ya fedha ya enzi ya Mjerumani, pale soko la Mwanjelwa, Mbeya, mchuuzi atawahi kukutoa wasiwasi: "Hiyo kaka ni ndimu na majivu tu, inang'aa kama mpya." Mwambie asiiguse. Rupia nyeusi ina thamani zaidi kuliko iliyosuguliwa, na wakusanyaji wa sarafu hujua tofauti kwa kutupa jicho mara moja.

Weusi huo si uchafu. Madini ya fedha hushika salfa iliyo hewani, katika moshi wa makaa ya mawe, hata katika mpira wa kufungia noti. Huanza na manjano pembeni, ikaja buluu, mwisho nyeusi. Shaba nayo hugeuka kahawia kwa hewa tu. Ikikutana na unyevu na chumvi hutoa kijani. Ndiyo maana zinazofukuliwa Tukuyu, kwenye mvua zisizokatika, mara nyingi huja na kijani.

Kwangu ya kwanza ni rupia ya fedha ya Mjerumani, ya kati ya 1890 na 1914. Ina gramu 11.66 na fedha asilimia 91.7, kwa hiyo hata ikichakaa bado unamiliki madini. Ipeleke kwenye mizani ya sonara kabla ya kulipa, na ujaribu sumaku: ikinasa, rudisha. Kisha itazame kofia ya Kaisari, mtawala wa Ujerumani ambaye sura yake iko kwenye sarafu. Weusi wa miaka hujificha kwenye mikunjo na kuacha sehemu zilizoinuka zikiwa nyepesi. Weusi wa kupaka umetandaa kote sawasawa, na mwingine hubaki kidoleni. Utando laini wenye rangi za upinde wa mvua unaweza hata kuongeza bei. Madoa mazito huipunguza.

Ya pili ni heller, yaani senti za rupia, za shaba zilizoanza kutolewa 1904, zenye taji upande mmoja. Zilitengenezwa nyingi, bei yake ni ya kawaida, na anayeanza hatapoteza sana akikosea. Tafuta kahawia ya kutulia. Taji likiwa limesagika lakini sarafu ni nyekundu kama waya mpya wa umeme, ujue imesuguliwa. Hapo usione aibu kutaja nusu ya bei.

Ya tatu ni heller 20 ya Tabora ya 1916, yenye herufi T; ningeipandisha juu ya hizo kama si bei yake. Ilipigwa wakati wa vita, katika karakana ya reli, baada ya koloni kukatiwa sarafu kutoka Ujerumani. Kuna za shaba nyekundu na za shaba ya njano, na zote zilitoka zikiwa na sura ya haraka haraka. Kwa hiyo usizikatae kwa sababu maandishi hayakukaa vizuri. Kataa zilizopigwa brashi.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba inakuja ya nne. Soma mwaka: za 1921 hadi 1946 zina robo ya fedha, za 1948 na kuendelea hazina kabisa. Wachuuzi wengi huziuza bei moja, basi chagua wewe.

Za 1966 zenye sura ya Mwalimu, hasa senti 50 ya sungura, nunua kwa kumbukumbu. Nikeli iliyomo katika senti 50 hiyo haibadiliki sana, na bado zimejaa kwenye makopo ya watu.

Usinunue kwa bei yoyote sarafu ya shaba yenye unga wa kijani mpauko unaomeguka ukiukwangua kwa kijiti. Hiyo ni chumvi inayoila shaba kutoka ndani, na kila unyevu ukirudi huendelea. Kijani kigumu, cheusi-cheusi na chenye uso laini, hakina neno. Kijani kinachonata ni jambo jingine: kimetoka kwenye mfuko wa plastiki laini, na huondoka kwa kuiloweka sarafu katika asetoni safi, mbali na moto. Asetoni haing'ati madini. Siki, ndimu, dawa ya meno na majivu vyote vinang'ata au kukwaruza.

Ukishanunua, ishike kwa ukingo, maana jasho la kidole huacha alama ambayo baadaye hugeuka doa. Hifadhi kila moja peke yake mahali pakavu, mbali na jiko la kuni, na mfuko wa plastiki laini aliokufungia muuzaji uutoe siku hiyo hiyo.