Mizani ya jikoni ya 750, River Road: unga sawa, hamira majanga

Nilichukua hii mizani River Road kwa duka moja la vitu vya keki, shilingi 750, ile nyeupe ya plastiki, inabeba hadi kilo 10 na inasoma gramu moja moja. Mimi huoka mikate kwa nyumba hapa Kayole nauzia majirani, sikuwa natafuta maajabu.

Kwa unga haina neno. Ikiandika 500 najua uzito wenyewe ni 499.5 ≤ u < 500.5, hiyo nusu gramu hata nzi akitua hutajua. Shida ni hamira. Mkate wangu mmoja unataka gramu 3, mizani inaandika 3, nafurahi, kumbe hiyo 3 ni kitu chochote kati ya 2.5 ≤ h < 3.5!! Yaani leo natia 2.6 kesho 3.4, zote zinaandikwa 3, halafu nashangaa mbona mkate wa Jumanne umelala na wa Jumatano umefura vile. Nusu gramu kwa 500 ni asilimia 0.1, kwa 3 ni karibu asilimia 17.

Binamu yangu wa fomu tatu ndiye alinichorea hizo alama, wamezisoma shule. Nikamuuliza mbona kushoto kuna kamstari chini na kulia hakuna, akasema 2.5 ukiiraundi inapanda kuwa 3 kwa hivyo imo, lakini 3.5 hiyo tayari ni 4. Sawa mwalimu.

Nikajaribu kupima gramu 3 mara kumi nichanganye, hapo ndio mbaya kabisa juu makosa yanajumlishana, 25 ≤ h < 35. Siku hizi napima 30 mara moja, 29.5 ≤ h < 30.5, nakanda donge moja la mikate kumi halafu nakata sawasawa. Kila mkate unapata 2.95 hadi 3.05 hivi. Mizani ni ile ile, nimeacha tu kuiuliza vitu vidogo.

Kingine, ukinyunyiza hamira pole pole haioni, inakaa tu 0, mwaga kwa mkupuo. Na inajizima ukienda kufungua mlango, ukirudi imesahau kila kitu. Betri pia ujinunulie.

Nyota 4, lakini mjue ni 3.5 ≤ n < 4.5 na mimi niko huku kwa 3.5.