Nduthi za kuagiza kwa simu: nyota tatu, zisizidi

Hapa Nairobi, anayetoka Buruburu kwenda Upper Hill asubuhi hahitaji kuelezwa habari za foleni ya Jogoo Road. Ndiyo maana naagiza nduthi, yaani bodaboda, kwa simu. Nauli hucheza kwenye shilingi 250, mvua ikinyesha inapanda, unalipa kwa M-Pesa bila kubishana, na mwendeshaji hakawii. Hapo sina neno.

Helmeti ya abiria ni aibu. Kishikizo mara nyingi kimekatika, kwa hivyo unaishikilia kichwani kama mchota maji na ndoo yake. Jaketi ya kuakisi mwanga, ambayo sheria inataka abiria apewe, naiona kwa bahati.

Lakini nyota nimezikata kwa sababu ya kupenyeza. Sipingi nduthi kupita katikati ya magari yaliyosimama. Bila hivyo ningepanda matatu nikalale. Kuna mzee mmoja aliwahi kunipitisha pale City Stadium nikafurahi: mwendo wa mtu anayetembea, vidole viko kwenye breki, macho kwenye magurudumu ya mbele ya kila gari aone nani anataka kukata kona. Foleni ilipoanza kusonga, akaingia nyuma ya lori akatulia. Wenzake wengi hapo ndipo wanapofungua mafuta. Tena hupenda kupita kushoto kwa matatu, upande wa mlango! Makanga anagonga bodi, mama anashuka na mtoto mkononi, na sisi ndio hao tumefika.

Kule New South Wales, Australia, kupenyeza kuliruhusiwa mwaka 2014, ila kwa masharti: magari yawe yamesimama au yanajikokota, pikipiki isizidi kilomita 30 kwa saa, isipite kati ya magari na ukingo wa barabara, na mwendeshaji awe na leseni kamili. Ningependa sheria kama hiyo hapa, hasa hilo la ukingo. Kampuni nayo haina haja ya kungoja Bunge, maana simu ya mwendeshaji inajua kasi yake. Badala yake inanihesabia dakika, kisha inaniuliza kama tumefika kwa wakati. Haijawahi kuuliza tumepitia upande gani.

Nililalamika kuhusu hilo la mlango wa matatu. Nikatumiwa kuponi ya punguzo. Nimeitumia, sikatai, na nyota zinabaki tatu.