Bata wa mpira: boti ya uokoaji ya klabu za Australia, ikipimwa kabla ya kiangazi

Klabu ya waokoaji wa kujitolea ikiwa na fedha za chombo kimoja tu kikubwa kabla ya msimu, inunue boti ya mpira. Isiinunue, hata hivyo, kama hakuna mtu mmoja anayejulikana kwa jina ambaye atakubali kuilea mashine yake mwaka mzima. Hiyo ndiyo hukumu yetu, na sababu zake ni hizi.

Tunazungumzia boti ya mpira yenye urefu wa mita 3.8 hivi na mashine ya nguvu-farasi 25 au 30 iliyobanwa nyuma. Katika fukwe za Australia, kwenye makaratasi huandikwa IRB (inflatable rescue boat, boti ya uokoaji ya kujazwa hewa), na watu mdomoni huiita bata wa mpira. Iliingizwa kazini mwaka 1969 na Warren Mitchell wa klabu ya Avalon, kaskazini mwa Sydney. Kabla ya hapo mwokoaji aliingia majini amejifunga mkanda, huku wenzake ufukweni wakimwachilia kamba kutoka kwenye gurudumu, au kikosi kizima kilipiga makasia katika mashua nzito. Boti ya mpira inahitaji watu wawili tu, dereva na msaidizi wake, na ikipinduliwa na wimbi haimvunji mtu mbavu kama ubao wa mashua.

Ubora wake unaonekana pale mtu anapochukuliwa na mkondo wa kurudi baharini. Mkondo huo humtoa nje ya mstari wa mawimbi kabla hajajua kinachoendelea, na mara nyingi huchukua watu watatu au wanne kwa pamoja, kwa sababu wote waliingia kuoga penye maji yaliyoonekana kutulia. Mwokoaji mmoja mwenye boya la kuvuta anaweza kumshika mmoja wao. Boti hufika, humpakia aliyechoka kuliko wote, wengine hushika kamba za ubavuni, na kazi imeisha. Kwa aliyezimia faida ni kubwa zaidi, maana analala ndani huku msaidizi akimshikilia kichwa njia iwe wazi, jambo lisilowezekana ukiwa juu ya ubao wa kuokolea unaoendeshwa kwa mikono.

Kuna mahali boti hushindwa. Katikati ya waogeleaji waliosongamana baina ya bendera za nyekundu na njano zinazoonyesha eneo la kuoga, boya la kuvuta na mapezi ya miguuni ndiyo salama. Mtu akiwa karibu na ufuo, na bahari ikiwa tulivu, mpiga ubao anaweza kuwa ameshamfikia wakati boti bado inasukumwa kutafuta kina cha kuteremshia propela. Pikipiki ya majini ina nguvu na kasi kuliko zote, ila ni nzito, inahitaji gari la kuivuta, na dereva wake huchukua muda mrefu zaidi kumfundisha. Boti ya mpira imekaa katikati, na klabu nyingi ndogo zinahitaji hapo katikati.

Sasa matayarisho. Katika New South Wales, jimbo la Sydney, waokoaji wa kujitolea huanza zamu mwishoni mwa Septemba, likizo ya shule inapoanza, na humaliza kwenye sikukuu ya Anzac, Aprili 25. Maana yake boti imelala kwenye banda miezi mitano. Miezi hiyo ya baridi huiua boti kuliko mawimbi ya Januari, na ndiyo maana ukaguzi ufanyike mapema, wiki nne au tano kabla ya zamu ya kwanza, ili kipuri kikikosekana kipate muda wa kufika.

Anza na mwili. Jaza kila chumba cha hewa nusu kwanza, kisha zunguka tena ukimalizia hadi kipimo cha mtengenezaji. Ukikijaza kimoja mpaka mwisho huku jirani yake ni kitupu, pazia la mpira linalovitenganisha husukumwa upande mmoja na huweza kuachana na gundi yake. Mpira wa mkuku, ule wa chini katikati ya boti, ujazwe mwisho. Pakaza maji ya sabuni kwenye vali zote, kwenye maungio na pale ubao wa tezi, ule wa nyuma unaobeba mashine, unapokutana na mpira, uangalie mapovu kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Kisha iache usiku kucha. Chumba kilicholegea asubuhi kina tundu usiloliona, ama vali yake imeingia mchanga. Fungua vali na uisafishe kwanza kabla ya kutafuta tundu.

Kiraka hutegemea kitambaa, na makosa mengi ya klabu hutokea hapa. Kitambaa cha Hypalon, aina ya mpira wa kiwandani, hukwaruzwa kwa msasa kabla ya gundi. Cha PVC, ambacho ni plastiki, hufutwa kwa kimiminika chake maalumu bila msasa, na gundi yake ni nyingine kabisa. Solusheni ya tairi la baiskeli haifai kwa chochote kati ya hivyo viwili. Itashika siku mbili kisha itabanduka ndani ya povu la mawimbi. Kata kiraka kwa pembe za mviringo, kipite tundu sentimita tano kila upande, na usikifanyie kazi siku ya mvua au unyevu mwingi, kwani gundi hunyonya unyevu na haishiki. Subiri saa 24 kabla ya kujaza hewa.

Kuhusu hewa, jambo moja zaidi. Boti iliyojazwa bandani asubuhi, ikaachwa mchangani juani, hubana hadi kuhatarisha maungio. Ile ile ikiingia majini baridi hulegea, na boti legevu hujikunja katikati inapopanda wimbi na kuwarusha waliomo. Pima hewa pale maji yalipo, baada ya boti kulowa.

Mashine ndiyo sehemu inayotaka moyo. Bado ni ya mipigo miwili (two-stroke), ile ambayo oili yake huchanganywa na petroli, na sababu yake ni ya kiufundi. Boti hii itapinduka siku moja, na mashine ya mipigo minne, yenye oili yake chini ya injini, ikigeuzwa kichwa chini humwaga oili mahali isipotakiwa. Ya mipigo miwili unaweza kuitoa maji pale pale ufukweni na kuiwasha tena. Ni nyepesi pia, kilo 50 hivi, ingawa watu wawili wanaoibeba kwenye mchanga mlaini watakwambia neno nyepesi halifai.

Fungua skurubu ya chini ya oili ya gia, weka kopo, uangalie kinachotoka kwanza. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yakiwemo hutangulia. Oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji, na mara nyingi mkosaji ni mshipi wa mvuvi uliojisokota nyuma ya propela na kukata mpira wa kuzuia maji kwenye ekseli. Kwa hiyo vua propela, toa uzi wowote uliojificha, paka grisi ya baharini, rudisha. Ukiwa umeivua, kagua kitovu chake cha mpira kwa kuchora mstari mmoja wa kalamu ya wino mzito kutoka kitovuni hadi kwenye chuma cha propela. Siku mashine itakapopiga resi kubwa na boti isiende, tazama mstari ule. Kama umeachana, kitovu kinateleza, na hakuna dawa ila kubadilisha.

Impela ya pampu ya maji ni kipande kidogo cha mpira chenye mabawa. Ikikaa bandani miezi mitano mabawa yake hujikunja upande mmoja na kubaki hivyo, kisha hupasuka mashine inapowashwa. Ibadilishe kila mwaka bila kusubiri dalili. Na mtu asiiwashe mashine mahali pakavu ati ajaribu tu, hata kwa sekunde chache, maana impela hulainishwa na maji yenyewe na ikikauka huungua. Mashine ikishawaka ndani ya pipa la maji, tazama kile kijimkondo kinachoruka pembeni. Kikiwa dhaifu, zima, ingiza waya mwembamba kwenye tundu lake kwanza. Chumvi na mchanga huziba tundu hilo wakati pampu ni nzima.

Plagi zote mbili ziwe mpya, na jozi nyingine ya akiba pamoja na spana yake ikae kwenye mfuko usiopenya maji ufukweni, si bandani. Kaza skurubu mbili zinazobania mashine kwenye ubao wa tezi na ukague kamba yake ya usalama. Kisha kamba ya kuzimia mashine, ile inayofungwa kwa dereva: ivute mashine ikiwa inaunguruma, na lazima izime papo hapo. Isipozima, boti haitoki. Hapa hakuna mjadala, kwa sababu dereva akirushwa nje bila kamba hiyo kufanya kazi, boti huzunguka peke yake na kuwarudia watu walio majini. Propela izungushiwe kikinga chake, na kikinga kilichopinda kibadilishwe, maana kikigusana na propela huvunja vyote viwili.

Mafuta ni somo dogo lenye hasara kubwa. Mchanganyiko ni 50 kwa 1: petroli lita 20, oili mililita 400, tena oili ya mashine za majini yenye alama TC-W3, si ya pikipiki. Weka oili kwanza na petroli kidogo, tikisa, kisha jaza. Petroli iliyobaki tangu Aprili isitumike. Imeshapoteza nguvu na huacha gamu kwenye kabureta, na hiyo gamu ndiyo sababu ya kwanza ya mashine kukataa kuwaka Septemba. Mfuko wa mafuta uandikwe tarehe ya kuchanganywa. Mpira wa mafuta ubinywe, na kile kipira cha kubinya cha kupampia mafuta kikilegea kisirudi kwenye umbo lake, badilisha.

Boti ikipinduka, saa ndiyo inayoamua. Usiikimbilie kamba ya kuwashia. Vua plagi, ielekeze mashine matundu ya plagi yatazame chini, vuta kamba taratibu maji yatoke. Kama kamba inakataa kabisa, usilazimishe: ama mchanga umeingia, ama fimbo ya pistoni imepinda kwa sababu mashine ilimeza maji ikiwa inazunguka, na ukilazimisha unavunja kilichobaki. Ikizunguka vizuri, mwaga maji ya kabureta, nyunyiza oili nyepesi ya kufukuza unyevu kwenye matundu, weka plagi kavu, washa, na uiache ifanye kazi nusu saa ili joto likaushe ndani. Ikilala hivyo hadi kesho yake, kutu itakuwa imeanza kwenye beringi.

Kila baada ya zamu mashine isafishwe ndani kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikiwa inawaka, kwa dakika kumi hivi. Hili hakuna asiyelijua, na ndilo linalorukwa Jumapili jioni kila mtu akiwa amechoka.

Upungufu mkubwa wa chombo hiki si wa mashine bali wa miguu ya watu. Msaidizi hukaa juu ya mpira wa pembeni, mguu mmoja ukiwa umeingizwa kwenye mkanda wa sakafuni. Boti ikiruka wimbi na kutua, mwili husukumwa mbele na mguu hubaki. Vifundo vya miguu na mifupa ya ugoko huvunjika hivyo, na uti wa mgongo hubanwa. Kwa hiyo pima mikanda kabla ya msimu: iingie sehemu ya mbele ya wayo tu, mguu utoke bila kupinda kifundo, na mkanda uliolegea au uliochakaa nyuzi zake ubadilishwe. Lakini mkanda mzuri hauponyi udereva mbaya. Dereva anayejua hapaishi boti. Hungoja wimbi livunjike, hupanda povu lake, hupunguza resi kabla ya kufika kileleni, na boti hushuka upande wa pili ikiwa imegusa maji. Akimkaribia mtu, huelekeza omo, yaani mbele ya boti, upande wa mtu huyo ili tezi, na propela iliyo huko, isogee mbali naye. Klabu isiyo na madereva wenye cheti wa kutosha kwa kila zamu itakuwa imenunua pambo la banda.

Gharama, boti na mashine mpya pamoja, hupita dola 20,000 za Australia, na kwa klabu inayochangisha kwa kuchoma soseji na kuuza tiketi za bahati nasibu hiyo ni mipango ya miaka. Ukipewa ya mtumba, angalia kwanza ubao wa tezi: shika kichwa cha mashine, ukivute mbele na nyuma. Ubao ukicheza au gundi ikilia, mpira wa pembeni umeshaanza kuachana nao, na matengenezo yake hukaribia bei ya mwili mpya. Mashine iliyochakaa inabadilishika. Mwili uliooza tezi uache ulipo.

Jaribio la mwisho lifanywe wiki moja kabla ya bendera kusimikwa, boti ikiwa baridi, kwenye maji ya kiunoni, wafanyaji wakiwa wale wale watakaokuwa zamu. Kabureta na plagi zikiwa sawa, mashine huwaka ndani ya mivuto mitatu. Ikihitaji mivuto kumi Jumamosi tulivu, irudi kwa fundi, na zamu ya kwanza iendeshwe kwa mbao na maboya hadi itakapopona.