Mchanga mpya kwa tangi la zamani la maji ya chumvi: angalia milimita, achana na rangi

Meseji ninazopata siku hizi zinafanana sana mpaka nimeona niandike tu mara moja. Mtu ana tangi lake la maji ya chumvi, lina miaka kadhaa, mchanga wa chini umeshikana na ukiangalia pembeni ya kioo unaona mistari myeusi, akaamua abadilishe. Kanunua mchanga mweupe peee kwa bei ya kuumiza, kamwaga, sasa maji yamekuwa kama ya kuoshea mchele na matumbawe yamefunikwa unga, akimpigia muuzaji anaambiwa "subiri utatulia". Jamani hautulii wote. Ule unga wa juu utatulia kweli, ila punje zenyewe kama ni nyepesi, kila pampu ya mawimbi ikiwaka zinapaa tena, na utaishi hivyo mpaka uutoe.

Kwa hiyo leo siongelei rangi, wala kama mchanga ni "hai" (wa mfuko wenye maji na bakteria) au mkavu. Na hadithi ya kwamba mchanga wa aragonaiti (aina ya chokaa) utakushikilia pH ya maji isishuke pia tuiache, kwenye maji yenye pH ya 8.1 mpaka 8.3 ile chokaa haiyeyuki kwa kiasi cha maana, usilipie hiyo. Naongelea saizi ya punje, kwa milimita, kitu ambacho hakuna anayeuliza dukani.

Kwenye tangi jipya saizi ikikosewa unavumilia, ndani hakuna mtu. Tangi la zamani lina matumbawe yaliyoshafunguka, lina pampu zenye nguvu ulizoongeza kidogo kidogo, lina samaki wenye tabia zao. Punje za chini ya nusu milimita zinarushwa juu ya matumbawe na pale zinapokaa nyama inakufa, zinaingia kwenye moyo wa pampu, na zikinasa kwenye sumaku ya kusafishia kioo unaweza kujichora mistari ya maisha. Punje kubwa kupita kiasi nazo zina nafasi katikati, mavi ya samaki na chakula vinazama humo, nitrati (zao la uchafu unaooza) inapanda na wewe unabadilisha maji huoni tofauti.

Sasa orodha, na nasema wazi kabisa napendelea mchanga wa kampuni ya CaribSea, sijalipwa na mtu. Sababu ni moja, wanaandika milimita kwenye mfuko.

Namba moja ni Special Grade Reef Sand, milimita 1 mpaka 2. Hii ndiyo ya kubadilishia kwenye tangi la zamani, basi. Nzito kiasi cha kukaa chini hata pampu ikiwa kali, ndogo kiasi cha uchafu kubaki juu ambapo konokono na mpira wa kunyonyea wanaufikia. Watu wanailalamikia kwamba haina ule weupe wa picha za Instagram, na mimi nawauliza, miezi sita baadaye huo weupe mtauona wapi, mwani unapaka kila kitu. Inapatikana mkavu na pia ya mfuko wenye maji. Nunua mkavu, uoshe mpaka mkono uchoke, mwisho usuuze na maji ya RO (yaliyochujwa chumvi). Huo wa mfuko wenye maji unauzwa kwa uzito wa mfuko mzima, ratili 20 ni kama kilo 9, na sehemu ya hizo kilo ni maji. Unalipia maji, halafu unalipia tena usafiri wa hayo maji kutoka Dubai! Na bakteria wako wapo tayari kwenye mawe yako, tangi limeshazeeka.

Namba mbili Fiji Pink, milimita 0.5 mpaka 1.5. Kama una wale samaki gobi wanaochota mchanga mdomoni na kuutoa kwenye mashavu, au samaki wa Halichoeres wanaojizika mchangani usiku, hii inapanda kuwa ya kwanza kwako, maana punje kubwa zinawasumbua. Ila pampu utazielekeza juu kidogo, usikaidi.

Namba tatu, kwa mbali, Aragamax na ndugu zake laini kama sukari. Ni 0.2 mpaka 1.2, na hiyo 0.2 ndiyo inayoniletea meseji zote hizi. Mzuri kwa tangi tulivu, basi.

Matumbawe yaliyosagwa, yale ya milimita tatu kwenda juu, usinunue kwa kubadilishia. Wengi mnabadilisha mchanga kwa sababu yake.

Rahisi kabisa: mchanga wa ufukweni. Najua Dar bahari ipo hapo. Bongoyo na Mbudya ni hifadhi, usiguse, na Coco Beach haiko mbali na pale Msimbazi unapomwaga taka za mji mzima. Mchanga wa ujenzi ni silika tupu. Nimemaliza.

Sasa wauzaji. Huu mtindo wa kufungua mfuko wa asili na kupima mchanga kwenye nailoni nyeupe ya kilo mbili mbili umeanza lini? Lebo imetupwa, ukiuliza saizi unajibiwa "faini" au "midiamu", ukisema milimita ngapi anakuangalia kama umemtukana mama yake. Kuna duka moja nililiuliza nikaletewa nailoni yenye saizi tatu zimechanganywa, za chini zilikuwa unga mtupu, bei ileile ya mfuko wa asili ukipiga hesabu ya kilo ni ZAIDI. Wakikupa nailoni, ombeni kiganja kimoja, mwagieni siki, kama haitoi povu siyo aragonaiti hata iwe nyeupe vipi. Halafu weka kwenye glasi ya maji, koroga, hesabu mpaka kumi. Ambacho bado kinaelea ndicho kitakachokaa juu ya matumbawe yako.

Kiasi: urefu wa tangi mara upana mara kina cha mchanga kwa sentimita, gawa kwa 1,000 upate lita, zidisha kwa moja na nusu upate kilo. Tangi la 120 kwa 45 lenye mchanga wa kina cha sentimita 4 ni kama kilo 32. Muuzaji atakwambia 50, usikubali.

Kutoa wa zamani ni kwa mpira wa kunyonyea, siku ya kubadilisha maji, robo ya eneo kwa zamu, halafu wiki mbili tatu unapima amonia (sumu ya uchafu kwenye maji) kabla ya kugusa robo nyingine. Usikoroge kwa mkono. Ile tabaka nyeusi ina gesi inayonuka yai bovu na ni sumu kwa samaki, kama mchanga wako ni mrefu kuliko kidole toa samaki kwanza waende kwenye ndoo yenye pampu ya hewa, na angalia ratiba ya umeme isije ikakatika katikati ya zoezi. Mchanga mpya unashushwa kwa bomba la plastiki mpaka chini, pampu zimezimwa, siyo kumwaga kwa juu na beseni. Ukipata utando wa kahawia juu yake wiki zinazofuata usinitumie picha, unaondoka wenyewe. Na wenye Halichoeres wasishuke chini ya sentimita 5 za mchanga.